Vumbi la Kuku wa Mtani

Ubungo, Dar es Salaam
3 Mei 1954

Mume wangu Marselino,

Picha uliyopiga mbele ya stesheni ya Kigoma nimeipata. Umesimama kama stesheni ni ya baba yako. Hapa tu wazima, ila nina jambo moja, na naomba ulisome ukiwa umekaa.

Masika yamekatika, kusi imeanza kuvuma. Unalikumbuka lile ghala la mabati upande wa kusi wa nyumba yetu, lililokuwa la mkonge, ambalo jirani yetu Sajini Kasimiri alilipanga afugie kuku. Ulimsaidia mwenyewe kubeba viota. Sasa kuku wamejaa humo hata sakafu haionekani, naye mwenyewe hawatoi nje kwa sababu anaogopa mwewe. Wanaparura kutwa. Wanaoga vumbi, wanajikung'uta, na kinachowatoka, mavi makavu na vinyoya na pumba, kusi inakibeba chote na kukimwaga barazani kwangu, pale ilipo cherehani. Nikifuta meza, nikigeuka kutafuta mkasi, nikirudi naweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Ingekuwa nashona kaki nisingesema. Lakini Misheni wamenipa mimi magauni meupe ya mabinti wa Komunyo ya Kwanza, na siku yao ni Jumapili ya tarehe 20 Juni. Kila mwaka kazi hiyo huwa ya masista. Mwaka huu Sista mkuu amesema ataniona: nikiweza, kazi ya Misheni ni yangu, nikishindwa, basi. Unajua nimeililia kazi hii tangu tulipohamia hapa. Nilishona gauni la kwanza, nikalitundika, nikaenda kuchota maji. Niliporudi lilikuwa rangi ya chai ya maziwa.

Nilikwenda kwa Sajini kwa adabu zote. Nikampa shikamoo, nikamweleza. Akacheka mpaka akashika nguzo, akaniambia, "Mke wangu, ukitaka mifugo isiyo na vumbi, rudi kwenu Bukoba ukafuge samaki." Mke wangu, Marselino. Mbele ya watu waliokuja kununua mayai.

Mwandikie. Mlikuwa mkicheka pamoja ukiwa hapa, basi sasa mseme pamoja. Azuie vumbi lake.

Mkeo,
Kokuberwa


Stesheni ya Kigoma
9 Mei 1954

Ewe Mngoni mkimbizi,

Natumaini barua hii itakukuta hai, ingawa Ubungo wangepumua kama ingekukosa. Babu zako walikimbia kutoka Uzulu mpaka Songea bila kutazama nyuma. Wewe umekimbia kutoka Songea mpaka Dar es Salaam, na jeshi ulilobaki nalo ni la kuku. Hata hao nasikia umewafungia ndani wasije wakakutoroka.

Sasa niingie kwenye neno lenyewe. Mke wangu ananiandikia habari ya vumbi. Anashona nguo nyeupe za kanisa, na vumbi la kuku wako linamwingilia barazani. Ningefurahi ukitafuta njia ya kulituliza. Hata maji kidogo tu, kama wanavyonyunyiza uani kabla ya kufagia. Hili nalisema kwa dhati, ndugu yangu.

Nasikia pia umenenepa. Mungu ana subira.

Mtani wako,
Marselino, Karani wa Mizigo


Ubungo
15 Mei 1954

Mhehe mla mbwa,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mguu sawa, kama amri ya kamanda. "Kwa dhati, ndugu yangu." Nimecheka mpaka meno ya bandia yakaangukia kwenye pumba. Toka lini Mhehe akawa na dhati?

Umeamuru maji, nimepiga maji. Sikunyunyiza kwa ufagio kama bibi harusi, mie ni askari wa Keya, jeshi la Mwingereza. Nimemwaga madebe. Sasa ndani ya ghala ukipita unateleza, na jogoo wangu mkubwa, yule mwekundu ninayemwita Jenerali, anatembea akinyanyua miguu kama mzungu kwenye matope. Vumbi limekufa. Andika hivyo kwenye kitabu chako cha mizigo.

Mkeo anaendelea vizuri sana. Mwanzo nilidhani Wahaya hawajui utani, wanajua kutafuna buni na kutazama watu kwa pembe ya jicho. Lakini jana aliniita mzee nisiye na haya, mbele ya kina mama wa kanisa, na sauti yake ilifika barabara ya Morogoro. Nilifurahi. Mke wa mtani ni mtani. Nikamjibu kwamba hata mie nampenda, na jioni nikampelekea kuku mmoja mnono amchemshe ale, apate nguvu ya kunitukana tena.

Wako mpaka mtakaponizika kwa furaha,
Kasimiri, Sajini (mstaafu)


Ubungo
20 Mei 1954

Marselino,

Sijui ulimwandikia nini yule mzee, lakini usimwandikie tena kitu cha namna hiyo.

Alimwaga maji ghalani kama anazima moto. Siku mbili tulikaa na harufu ambayo siwezi kuiandika kwa kalamu ninayoandikia kanisani. Nzi walikuja mpaka wale wa Tabata. Halafu jua likawaka, yale matope yakakauka yakawa ganda, na kuku wakaanza kuliparua lile ganda. Vumbi la kwanza lilikuwa unga. Hili la sasa linawasha.

Akaniletea kuku. Marselino, wewe unajua, naye kila mtu angeweza kumwambia: kwetu mwanamke hali kuku. Bibi yangu amekufa hajui ladha yake. Mzee mzima anasimama mlangoni kwangu na kuku mkononi, anasema, "Mke wangu, mchemshe ule, unakonda." Nilimpokea. Siwezi kumla, siwezi kumchinja, na kumrudisha ni ugomvi mpya. Yuko chini ya meza ya kukatia vitambaa. Anaparura na yeye.

Nimeyatia magauni yaliyokwisha ndani ya sanduku, nikafunika kwa shuka. Yaliyobaki nashona nikiwa nimefunga dirisha na mlango, na jasho linadondoka. Juzi nilikaa nikalia, si kwa kuudhika, nililia kwa kuchoka. Yule mzee alikuwa ukingoni mwa uzio, akaniona, akasema, "Hata kulia Mhaya analia kwa Kiingereza." Na akangoja nijibu.

Sanduku la safari nimelitoa. Kama magauni haya yatanishinda, sitakaa hapa Ubungo nitazame watoto wa watu wakipanda altareni na nguo zilizofubaa, na masista wakinitazama mimi. Nitakwenda kwa mama Bukoba. Wewe utakuja likizo, utakaribishwa na kuku.

Kokuberwa


Stesheni ya Kigoma
26 Mei 1954

Mke wangu mpendwa,

Tafadhali rudisha sanduku mahali pake. Kosa ni langu, ngoja nikueleze.

Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zetu waliuana sana kwa mikuki, mpaka wakachoka, wakapatana kwamba tangu siku hiyo watapigana kwa midomo tu. Basi Mngoni anaweza kuingia kwangu akachukua jogoo akaondoka naye, na mimi nikamshukuru. Ninaweza kumwita mkimbizi, akaniita mla mbwa. Anaweza kumwita mke wangu mke wake. Kukasirika hakuna. Anayekasirika ndiye mshamba, na watamcheka mpaka wajukuu. Siku niliyojuana na Sajini nilimwanza mimi, nikamwambia kwamba tumbo lake limemtangulia kustaafu. Hapo ndipo mlango ulipofunguka, na sikukuambia kwamba umefunguliwa na wewe umo ndani.

Ndiyo maana kila ninapomwambia ukweli, anauona utani. Mtani huweka utani chini mara moja tu: anapoleta habari ya msiba. Kwetu yeye ndiye anayetumwa kuileta, na siku hiyo huwa na adabu mpaka unaogopa. Kaburi likishafukiwa, anaanza tena.

Nimeomba ruhusa nije mwenyewe. Bwana Stesheni amekataa. Anasema vumbi la kuku halimo katika kanuni za likizo. Kanuni inataja kifo tu. Lakini leo hii nimemwandikia Sajini barua nyingine, kali, isiyo na mzaha hata mstari mmoja. Nimeanza na maneno "Hii siyo utani." Safari hii ataelewa.

Wako,
Marselino


Ubungo
1 Juni 1954

Mhehe, bingwa wa mabingwa,

Nakuvulia kofia. "Hii siyo utani." Nimetaniwa na Wahehe tangu utoto, jeshini nimetaniwa na Wahehe kikosi kizima, lakini sijapata kuona aliyethubutu kuanza hivyo. Niliipeleka barua yako kilabuni, nikaisoma kwa sauti ya mahakamani. Nilipofika pale "nitalazimika kuchukua hatua," Kasiani mchonga vinyago alianguka na kigoda chake. Wameniomba niisome tena Jumamosi.

Na kwa sababu ya barua hiyo hiyo, vumbi limepata dawa. Kasiani alipojifuta machozi alisema, "Mpe mtani wako anachotaka, tandika maranda." Anayo mengi, anachonga mpingo kutwa. Akaniletea magunia, makubwa kwa madogo, pamoja na ule unga wa msasa, nikatandika ghala zima.

Mhehe, sijui kama umewahi kunusa unga wa mpingo. Nilipiga chafya tangu adhuhuri mpaka magharibi. Kuku walipiga chafya. Jenerali alijaribu kuwika, ikatoka chafya. Kuku wangu weupe sasa ni weusi, na mteja mmoja ameniuliza kama mayai nayo yatakuwa hivyo. Mkeo alitoka nje na kanga puani, akasema maneno ya Kihaya marefu sana, nikamwitikia "Amina." Anakomaa yule. Ukirudi utakuta ananitania kuliko wewe.

Lakini vumbi la sasa lina faida yake: jeusi, mtu analiona linapokuja.

Mtani wako asiyetetereka kwa hatua zako,
Kasimiri


Ubungo, kwa jirani
5 Juni 1954

Mzee Kasimiri,

Shikamoo.

Gauni hili linaletwa na Eufrazia, yule muuza maandazi. Ni la binti yake Yuliana. Silileti kwa ugomvi. Nilitaka tu ulione.

Unga mweusi uliliangukia likiwa bado na unyevu wa pasi. Nimelifua kwa sabuni, kwa ndimu, kwa maji ya majivu. Doa limebaki. Kitambaa cha namna hii madukani kimekwisha, wanasema wanangoja meli. Mengine yaliyokwisha yamo sandukuni, lakini yaliyobaki siwezi kuyashonea ndani ya sanduku. Jumatatu nitamrudishia Sista vitambaa na kumwambia kazi imenishinda, halafu nitakwenda kwetu.

Mume wangu amenieleza habari ya utani wenu. Mimi sikuujua mchezo huo. Kama nilikujibu vibaya, unisamehe. Nilikuwa nimekasirika kweli.

Kuku wako namrudisha. Ametaga, mayai yamo kwenye kikapu. Ahsante kwa ujirani.

Kokuberwa


Ubungo
10 Juni 1954

Kwa Mheshimiwa Bwana Marselino,

Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa nashika kalamu hii kukuandikia. Nakuomba uipokee barua yangu kwa moyo wa uvumilivu.

Bwana Marselino, nimekukosea wewe, na zaidi nimemkosea mkeo, mama mwema, jirani mwema, ambaye hakustahili hata kidogo kutendewa nilivyomtendea. Aliniletea gauni la mtoto. Nililishika. Mkono wake hauingii hata ngumi yangu, na kifuani pana doa jeusi la ghala langu. Eufrazia alisimama mbele yangu, ameshika kikapu cha mayai. Nikasoma barua ya mkeo, yenye shikamoo na ahsante, wala hakuna tusi hata moja ndani yake, ndipo nilipojua kwamba siku zote zile hakuwa akinitania. Alikuwa akiniomba. Nami nilikuwa nikicheka. Nimezika wenzangu vitani sikutoa chozi, lakini siku ile nililia.

Nilikwenda kwake, nikavua kofia, nikamsihi asirudishe vitambaa. Alikubali kungoja.

Mpingo wote nimeuzoa na kuuzika. Nimetandika makumbi ya nazi yaliyopondwa, hayo hayapeperuki. Pumba sirushi tena kavu, naikanda kwa maji kwanza. Sifagii kabla ya kunyunyiza, na nanyunyiza kwa ufagio wa chelewa, kidogo kidogo, kama nilivyopaswa tangu mwanzo. Na kwenye matundu yote ya ghala nimetundika magunia yaliyoloweshwa, kama maofisa walivyokuwa wakifanya kwenye mahema yao kule Somalia. Yakikauka nayalowesha. Sifanyi kazi nyingine. Jana mkeo alipitisha kidole juu ya meza yake, akakitazama, akaingia ndani. Nimekihesabu kidole hicho kuwa ni medali.

Lililobaki ni gauni la Yuliana. Nimezunguka Kariakoo duka kwa duka, kitambaa hakuna. Kwa hilo moyo wangu ni mzito, Bwana Marselino, na sina la kujitetea.

Naomba radhi yako mbele ya Mungu.

Wako mtiifu,
Kasimiri


SIMU
KIGOMA 16 JUNI 1954
KWA KASIMIRI UBUNGO DAR ES SALAAM

BARUA NIMEPATA. MSIZIKE MPAKA NIFIKE. NAKUJA NA TRENI.
MARSELINO


Ubungo
28 Juni 1954

Mhehe mwenye kichwa kama yai,

Sasa kwa kuwa umerudi kazini na nywele zimeanza kuota, ruhusa ya kukucheka naona imefika.

Simu yako ilipokuja niliipeleka kwa mkeo. Aliisoma, akaigeuza, akanipa. Akaniuliza, "Nani amekufa?" Nikamwambia mie sijui, labda amekufa yeye kule Kigoma na anaomba tumngoje. Akasema una homa ya malaria. Tulijibu, lakini tukaambiwa mwenye simu yumo ndani ya treni.

Basi Jumamosi ile kina mama wako barazani wanapiga pasi magauni, weupe mtupu, tunasikia mtu analia kutoka barabara ya Morogoro. Analia vizuri, kwa kufuata taratibu. Watu wanavua kofia. Nyuma yake kundi limekwishajipanga, watu wa Ubungo hawakosi msiba, mwingine amebeba jembe. Nikajisemea masikini, huyu kafiwa na mtu mkubwa. Kumbe wewe, kichwa kimenyolewa kinang'aa, kitambaa cheusi mkononi, na jora la kitambaa cheupe kwapani.

Mkeo akatoka na pasi mkononi. "Marselino, nani amekufa?" Ukamtazama. Ukanigeukia mie, ukaniuliza kwa sauti ndogo, "Sajini, huyu ni nani?" Nikakwambia ni marehemu.

Na wewe ukakaa chini katikati ya njia.

Nitakuambia nilichokiona mie, kwa sababu wewe ulikuwa umejifunika uso. Mkeo hakukusalimia kwanza. Alilichukua lile jora, akalishika ukingo kwa vidole viwili, akalisugua. "Poplini," akasema. "Umeipata wapi?" Ukamwambia, "Ni sanda yako. Nilimwambia mwenye duka Kigoma kwamba mke wangu ni fundi, hazikwi na bafta." Halafu akaipeleka moja kwa moja kwenye cherehani, akamwita Yuliana aje apimwe. Alishona machozi yakimtiririka, na mguu haukuacha kukanyaga. Nilikwenda kulowesha magunia.

Jumapili Yuliana alitangulia mstari kwa kuwa ndiye mfupi kuliko wote. Ulikuwa kanisani, uliona. Mie nilimtazama Sista mkuu. Alipitisha macho toka wa kwanza mpaka wa mwisho akitafuta doa, akalikosa.

Lakini nieleze kitu kimoja, mla mbwa. Niliandika kila kitu kwenye barua ile. Gauni, makumbi, magunia. Ulisoma nini?

Kasimiri


Stesheni ya Kigoma
4 Julai 1954

Mngoni muuaji wa watu wazima,

Sikusoma. Niliona "Mheshimiwa Bwana Marselino." Nikaona "unyenyekevu." Nikateremka mpaka chini nitafute tusi, nikakuta "Wako mtiifu." Mtani wangu ananiita Mheshimiwa! Juu kidogo nikaona "mkeo, mama mwema, jirani mwema, ambaye hakustahili," nikaikunja barua, nikaenda kwa kinyozi. Mwanamke aliyetoa sanduku aondoke, leo mtani anamwita mama mwema. Ningesoma makumbi ya nazi kwa macho gani?

Bwana Stesheni aliiona hali yangu akaniandikia ruhusa mwenyewe, kanuni ya kifo. Sasa nimerudi, na hapa ndipo ulipo mzigo wangu. Wamenifanyia matanga. Wake wa watu wa reli wameniletea chakula. Padri amemtaja Kokuberwa katika sala za marehemu. Asubuhi Bwana Stesheni ananishika bega, ananiuliza kama moyo umetulia. Nitamwambiaje? Nikisema yuko hai, nimedanganya shirika la reli. Nikinyamaza, wameanza kunionyesha binti wa mpiga kengele.

Barua zake zikija nazisomea nyuma ya mabehewa. Juzi nilicheka huko nyuma peke yangu, wakaniona, wakasema huzuni imenipanda kichwani.

Usiniandikie tena kwa adabu, Kasimiri. Ikibidi uombe radhi, nitukane kwanza nijue kwamba nyumba imesimama.

Mtani wako,
Marselino


Ubungo, kwa jirani
10 Julai 1954

Wewe Mngoni mwenye meno ya kuazima,

Shikamoo sikupi, nimeambiwa katika mambo haya haipo.

Sista mkuu alikuja leo asubuhi na kitambaa cha mwakani, pamoja na kazi ya kanzu za mapadri, nyeupe zote. Alikaa barazani kwangu akanywa chai. Aliweka kiganja juu ya meza, akakiangalia, akauliza jirani yangu ni mtu wa namna gani. Nilimwambia ni mzee mchafu aliyekimbia kwao. Alishtuka. Mimi nilisikia raha ambayo sijapata kuisikia tangu nizaliwe, na sasa naelewa kwa nini ninyi wawili hamwachi.

Mume wangu amenieleza shida yake ya Kigoma. Nimemjibu amwambie Bwana Stesheni kwamba marehemu anamsalimu sana, na kwamba binti wa mpiga kengele asisogezwe, kwa sababu marehemu huyu akisikia atapanda treni.

Sasa la kwetu. Marselino anasema mtani huruhusiwa kuingia kwa mtani wake na kuchukua jogoo, na mwenye jogoo hashukuru tu, hufurahi. Basi furahi. Ulipokwenda kupeleka mayai mjini niliingia ghalani. Jenerali yuko kwangu, chini ya meza ya kukatia, nimemfunga mguu kwa utepe mweupe uliobaki kwenye gauni la Yuliana. Ni mzito, tumbo lake linafanana na la mtu ninayemjua.

Usijidanganye kwamba mimi ni Mhaya sili kuku. Yuliana anakula. Mama yake anakula. Sista mkuu anakula, nimemuuliza.

Leo alasiri nilitazama dirishani nikaona gunia lako la tatu kutoka mlangoni limeanza kukauka ukingoni. Maji niliyoinjika jikoni kwa sasa ni ya chai. Siku moja tu nikipitisha kidole mezani kikarudi na rangi, yatakuwa ya supu.

Mtani wako,
Marehemu Kokuberwa